Barua ya wazi kwa wakuu wa safari za anga: Shindaneni, lakini kamba iwe moja

Kwa:
Mkuu wa NASA, Washington
Mkuu wa Shirika la China la Safari za Binadamu Angani (CMSA), Beijing
Mkuu wa Roscosmos, shirika la anga la Urusi, Moscow

Nakala: Wabunge wa Marekani wanaopitisha bajeti ya NASA, wajumbe wa nchi za Afrika katika Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, Vienna

YAH: VYOMBO VYENU HAVIWEZI KUOKOANA

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimeshindwa. Barua ya kwanza niliijaza kwenye fomu ya tovuti, nikajibiwa na mashine papo hapo kwamba maoni yangu yana thamani kubwa, na tangu siku hiyo kimya. Ya pili niliituma kwa rejista, sijui iliishia wapi. Ya tatu niliichukua mwenyewe, nikapanda boti mpaka Dar es Salaam, nikaenda hadi mapokezi ya ubalozi mmoja. Kijana aliyekuwa zamu aliisoma yote amesimama, akanirudishia bahasha kwa mikono miwili. “Mzee wangu,” akaniambia, “hii haina idara.” Basi nimeileta uwanjani, huenda idara ikapatikana.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkaazi wa pwani ya mashariki ya Unguja. Mtauliza, Mzanzibari na safari za anga wapi na wapi? Waulizeni waliowatangulia ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 NASA ilikuwa na kituo chake Tunguu, katikati ya kisiwa chetu, kimoja katika msururu wa vituo vilivyoizunguka dunia kufuatilia safari za Mercury, za kwanza za Wamarekani kupeleka watu angani. Wapo waliokipinga, wakihofu kuwa kitatuingiza katika ugomvi wa wakubwa. Marehemu baba yangu hakuwa mwanasiasa. Alikuwa kibarua wa kufyeka majani kuzunguka milingoti. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga John Glenn alirushwa kutoka Florida asubuhi ya kwao, na baada ya nusu saa hivi alikuwa juu yetu, kwetu ni jioni, jua limeshaelekea magharibi. Daktari aliyekuwa Tunguu alizungumza naye kwa redio kumuuliza hali. Mtu yuko peke yake huko juu, na anayefuatilia mapigo ya moyo wake amekaa kwenye kisiwa cha karafuu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani waliondoka, na kituo kikafungwa mwaka huo huo. Baba alibaki na kipande cha waya wa shaba. Mama aliufanya kamba ya kuanikia nguo, na mimi nimekua nikianika sare za skuli juu yake.

Kwa hiyo shauri hili nimelirithi.

Kuna kisa kingine lazima niwape, kwani ndicho kilichonitia kalamu mkononi. Kijiji chetu na kijiji cha jirani tuligombana miaka mingi juu ya nyavu na madema: nani avue wapi, na nani kakata kamba ya dema la nani. Kusi moja, bahari imechafuka, ngalawa yetu yenye watu wanne ikapinduka nje ya mwamba. Chombo kilichokuwa karibu ni cha hao hao mahasimu zetu. Wakashusha tanga, wakarusha kamba. Aliyekuwa majini akaidaka, akaifunga kwenye mtumbwi kwa fundo lile lile wanalofunga wao, maana hakuna lingine. Watu wote wanne wakafika pwani hai. Wiki iliyofuata ugomvi ukaendelea palepale ulipoachwa, na kesi ya madema ikafika kwa sheha.

Siwaombi mpatane. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Watu wanakwama, tena mara kwa mara

Desemba 2022, chombo cha Soyuz MS-22 kilichokuwa kimefungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilianza kuvuja kipoozeo. Kilikuwa ndicho chombo cha kurudi nyumbani cha Warusi wawili na Mmarekani mmoja, Frank Rubio. Aliyetarajia miezi sita akakaa siku 371. Katika wiki zile za wasiwasi, kiti cha Rubio, yaani lile godoro gumu lililofinyangwa kwa umbo la mgongo wake, kilihamishwa kutoka chombo cha Kirusi kikafungwa ndani ya chombo cha Dragon cha Wamarekani, ili dharura ikitokea apate pa kukaa. Haya yalifanyika vita vya Ukraine vikiwa vimepamba moto. Waheshimiwa wa Moscow na Washington, kwa hilo nawavulia kofia.

Juni 2024 Butch Wilmore na Suni Williams walikwenda kwa siku kama nane na chombo cha Starliner cha Wamarekani. Walirudi Machi 2025, kwa chombo cha kampuni nyingine. Na hapo likajitokeza jambo ambalo ningelisimuliwa kijiweni nisingeliamini: suti walizokwenda nazo hazikuweza kuunganishwa kwenye Dragon. Kampuni mbili, nchi moja, mlipaji mmoja, na bado bomba la suti la huyu haliingii kwa yule. Nyumbani nina droo iliyojaa chaja za simu za zamani, kila moja na kichwa chake. Ninajua maudhi yake. Lakini mimi simu ikizima nalala.

Novemba 2025 ikawa zamu ya China. Wanaanga watatu wa Shenzhou-20 walikuwa wamekamilisha muda wao Tiangong, kituo cha China angani, ikagundulika dirisha la chombo chao lina nyufa ndogo, na taka za angani zikashukiwa. Walirudi tarehe 14 kwa chombo cha wenzao waliokuja kuwapokea. Uamuzi wa busara. Lakini fanyeni hesabu: wale watatu waliobaki walikaa hadi tarehe 25, Shenzhou-22 ilipofika tupu, bila chombo salama cha kukimbilia. Siku kumi na moja. Moto ungezuka, au kipande kingine kingetoboa ukuta, ni nani mwingine duniani angeweza kwenda kugonga mlango wao?

2. Mlango

Hakuna, na sababu ni kipande cha chuma cha duara.

Dragon haiwezi kufungamana na Tiangong. Shenzhou haiwezi kufungamana na Kituo cha Kimataifa. Soyuz ina mfumo wake, mshale upande mmoja na koni upande wa pili, ambao nao hauingiliani na mlango unaotumiwa na Dragon. Ni mtindo wa mafundi bomba: kiungio kimoja dume, kingine jike. Dume kwa dume hawaungani, ndiyo mwisho wa safari.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili mlishalitatua. Mei 1972 Rais Nixon wa Marekani na Waziri Mkuu Kosygin wa Umoja wa Kisovieti walitia saini mjini Moscow makubaliano ya kuunganisha chombo cha Marekani na cha Kisovieti. Wahandisi wakakaa. Hakuna upande uliotaka kuwa jike, hilo linajulikana na linachekesha. Lakini nyuma ya fahari kulikuwa na akili nzuri. Walitengeneza kiungio ambacho kila upande ni dume na jike kwa pamoja, petali zikipishana na petali, ili chombo chochote kiweze kukifuata chochote. Hata hewa haikulingana. Apollo, chombo cha Wamarekani, ilijazwa oksijeni tupu kwa kanieneo ya chini, takriban theluthi ya hii tunayovuta hapa pwani. Soyuz ilikuwa na hewa ya kawaida. Wakajenga chumba kidogo katikati cha kuzoeshea miili. Tarehe 17 Julai 1975 mlango ukafunguliwa, na Mmarekani Tom Stafford na Msovieti Alexei Leonov wakashikana mikono. Kila mmoja alisema lugha ya mwenzake, na Leonov akimtania Stafford kwamba Kirusi chake ni cha Oklahoma, jimbo alikotoka Stafford.

Miaka minne kabla, huyo Stafford alikuwa miongoni mwa waliobeba majeneza mjini Moscow, wakati wanaanga watatu wa Kisovieti wa Soyuz 11 walipofariki kwa kuishiwa hewa wakirudi duniani. Na Leonov alipofariki mwaka 2019, Stafford, mzee wa karibu miaka tisini, alisafiri hadi kwenye maziko yake. Hawa walikuwa wanajeshi wa mataifa yaliyoelekezeana makombora ya nyuklia. Nani kati yenu leo anaweza kusema hali yetu ni mbaya kuliko yao?

Kiungio cha 1975 kina wajukuu. Toleo lake lilitumika vyombo vya shuttle vya Marekani vilipotia gati kwenye Mir, kituo cha Warusi, kuanzia 1995. Mlango wa Tiangong wenyewe ni wa ukoo huo huo. Na mwaka 2010 washirika wa Kituo cha Kimataifa walichapisha vipimo vya mlango wa pamoja, wazi, kila mwenye intaneti avisome. Kwa maneno mengine, babu mmoja, wajukuu hawasalimiani.

3. Hamna simu

Mwaka 2021 Tiangong ililazimika kusogea mara mbili, Julai na Oktoba, kuzikwepa setilaiti za intaneti za Starlink, mali ya kampuni ya Kimarekani. China ikapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa mwezi Desemba. Marekani ikajibu kuwa hapakuwa na hatari kubwa. Nani alikuwa na haki, sijui na wala si hoja yangu. Hoja ni kwamba wavuvi wa huku, mwenye boti yenye redio akimwona mwenziwe anamjia, hamwandikii barua ya kidiplomasia. Anaita chaneli 16, ambayo kila baharia wa kila bendera anaisikiliza.

4. Taka mnazozitupa wenyewe

Januari 2007 China iliilipua setilaiti yake ya zamani ya hali ya hewa, vikazaliwa vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa. Marekani iliidungua yake mwaka 2008, India 2019. Novemba 2021 Urusi ikalipua yake, vipande zaidi ya 1,500, na watu saba waliokuwa Kituo cha Kimataifa wakaamriwa waingie kwenye vyombo vyao vya kurudia na kusubiri. Wawili kati yao walikuwa Warusi. Mheshimiwa wa Moscow, sina namna ya kulisema hili kwa adabu zaidi: mliwarushia mawe watoto wenu wenyewe.

Desemba 2022 nchi 155 zilipiga kura katika Umoja wa Mataifa kutaka majaribio ya namna hii yasitishwe. Urusi na China zilipinga. Miaka mitatu baadaye dirisha la Shenzhou-20 likapata nyufa. Sisemi ni kipande cha nani. Kwa kasi ile kipande hakina uraia.

Na sisi wa chini tumo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, yenye kipenyo cha karibu mita mbili na nusu, iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Bahati tu haikumpata mtu.

5. Mnatutembezea karatasi

Hili ni fupi. Kila upande unazunguka Afrika kutafuta saini: Makubaliano ya Artemis ya Marekani kuhusu Mwezi mkono huu, kituo cha Mwezini cha China na Urusi mkono ule. Rwanda na Nigeria wametia saini huku, Afrika Kusini na Misri kule, Senegal pande zote mbili, na hao Wasenegali naona ndio wajanja. Msituhesabu kama vichwa vya kuvutia kamba. Makubaliano ya Artemis yana kifungu cha vifaa kuingiliana na kingine cha msaada wakati wa dharura. Vizuri sana, lakini jirani mnayemhitaji zaidi wakati wa dharura hamjamwekea kiti mezani, naye hajaonyesha kukitaka.

Sasa najua mtakavyojibu.

Mtasema mizunguko ni tofauti. Hapo mna haki, na mwalimu wa fizikia hawezi kuwabishia. Njia ya Kituo cha Kimataifa imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, ya Tiangong nyuzi 41.5. Kugeuza njia kwa nyuzi kumi ukiwa kwenye kasi ya kilomita 7.7 kwa sekunde kunadai badiliko la kasi la zaidi ya kilomita moja kwa sekunde, na hakuna chombo cha abiria kiendacho huko chenye mafuta hayo. Lakini mwokoaji si lazima atoke kituo cha jirani. Urusi ilirusha Soyuz tupu kutoka ardhini Februari 2023, China ikarusha Shenzhou tupu mwaka 2025. Kinachokosekana ni mlango tu.

Isitoshe, Mwezini jibu hilo linazama. Pande zote mbili zinataka ukanda wa ncha ya kusini, kwa sababu ya barafu iliyomo kwenye mashimo yasiyofikiwa na jua, na China imesema itawatua watu wake Mwezini kabla ya 2030. Kutoka duniani hadi huko ni siku tatu, ukiwa na roketi iliyo tayari. Mtu ambaye chombo chake kimekataa kuwaka hatakuwa na nafasi ya kusubiri. Atamtazama jirani.

Mtasema sheria hairuhusu. Tangu 2011 bajeti ya NASA hubeba kifungu alichokiasisi mbunge Frank Wolf, kinachozuia fedha zake kutumika kushirikiana moja kwa moja na China bila idhini. Bila idhini, nasisitiza. Mwaka 2019, chombo cha China cha Chang'e-4 kilipotua upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani, NASA iliratibu na Wachina ili setilaiti yake ipige picha, na Bunge lilijulishwa. Mwaka 2021 mlipeana taarifa za njia za vyombo vyenu vinavyozunguka Mirihi visije vikagongana. Kumbe mlango wa sheria una kitasa, ila mnakishika kwa ajili ya vyombo visivyo na watu ndani.

Mtasema siri za kijeshi. Kwa jibu hili nitawakumbusha jambo zuri kuliko yote mliyowahi kutufanyia sisi watu wa bahari. Mwaka 1979, vita baridi vikiwa vikali, Umoja wa Kisovieti, Marekani, Kanada na Ufaransa walikubaliana kuunda mfumo wa Cospas-Sarsat: setilaiti za pande zote mbili zikisikiliza masafa mamoja, ili chombo kinachozama popote duniani kikilia, kilio kisikike. Setilaiti ya kwanza ilikuwa ya Kisovieti, Juni 1982, na mwezi Septemba ulikuwa umeshaokoa watu wa ndege iliyoanguka Kanada. Mfumo unafanya kazi hadi leo. Yaani mlikwenda angani pamoja kumwokoa aliye majini. Aliye angani hamjamfikia.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, wahandisi wa pande tatu wakae, kama walivyokaa wale wa 1972, wakubaliane mlango mmoja kwa kila chombo kipya chenye abiria, kuanzia vile vya Mwezini. Jaribio la kwanza liwe kwa chombo kitupu kikigusa kituo cha mwenziwe na kuachia. Hata kupeana mikono si lazima; picha sizihitaji.

Pili, suti na mabomba ya hewa viingiliane. Makampuni yalazimishwe kwa mkataba wa malipo, si kwa kubembelezwa.

Tatu, masafa mamoja ya dharura Mwezini na kuuzunguka. China imeshapeleka setilaiti yake ya mawasiliano ya Queqiao-2 tangu Machi 2024, nao Wamarekani, Wazungu na Wajapani wanaandaa mtandao wao. Chaneli moja tu kati ya zote hizo iwe ya wote, na isikilizwe usiku na mchana.

Nne, waheshimiwa wabunge wa Marekani, kifungu cha Wolf kiongezewe mstari mmoja: uokoaji wa maisha hauhitaji idhini. Andikeni mapema, siku ya tukio hamtapata wasaa wa kuitisha kikao.

Tano, Moscow na Beijing zitangaze kuwa hazitalipua tena setilaiti angani, na Marekani ambayo ilishatangaza mwaka 2022 ibaki na neno lake.

Na kwenu viongozi wetu wa Afrika: atakayewaletea karatasi ya Mwezi, ya upande wowote, mwulizeni kabla ya kalamu kugusa meza kama chombo chake kinaweza kumchukua mwanaanga wa upande wa pili. Akisema hapana, mwambieni arudi nayo.

Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ambao nchi zenu zote tatu zimejiunga nao, unawaita wanaanga wajumbe wa wanadamu wote, na unawataka wapeane kila msaada unaowezekana. Huo msaada unaowezekana ni sentimita ngapi kwa upana? Mnitajie, nami nitawaandikia wanafunzi wangu wa zamani ubaoni.

Majibu yakija kwa Kiingereza nitayasoma mwenyewe. Ya Kirusi, mtaani kwetu yupo daktari mstaafu aliyesomea huko enzi za Wasovieti, hajakisahau. Ya Kichina nitampa mjukuu wangu anayejifunza lugha hiyo Dar es Salaam. Yuko mwaka wa pili, kwa hiyo naomba sentensi ziwe fupi.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu wa fizikia
Unguja, Zanzibar